Kamari na Mbegu ya Mpunga

Mofu ni nchi ya maji na mpunga. Iko bondeni, kusini-magharibi ya mji wa Ifakara, mahali ambapo mto Kilombero hutapakaa wakati wa masika na kurudi katika kingo zake wakati wa kiangazi. Watu wake hulima kwa kuyatazama maji: hupanda yanapokuja, hulinda ndege wakiwa juu ya madungu, na huvuna yanapoondoka. Kwa sehemu kubwa ya mwaka fedha ni adimu katika nyumba zao. Kisha mpunga huingia ghalani, wanunuzi huja na magari, na kwa majuma machache mtu aliyekuwa hana shilingi mia hushika mamia ya maelfu. Hayo ndiyo majuma yanayostahili kutazamwa na kila anayetaka kuujua ubaya wa kamari, maana ndiyo majuma ambayo kamari nayo huvuna.

Kamari ya zamani ilikuwa na uso. Mchezaji alimwona mshindani wake, akamshuku, akagombana naye; hata yule laghai wa pata potea, mwenye kuchezesha karata tatu sokoni, alikuwa mtu ajulikanaye kwa sura, na mwenye miguu ya kukimbilia polisi walipotokea. Kamari ya leo ni sanduku lenye taa za rangi, lililosimamishwa barazani pa duka au kando ya kilabu cha pombe, ambalo watu wamelibandika jina la dubwi. Humeza sarafu ya shilingi 200, ile yenye sura ya Sheikh Abeid Amani Karume upande mmoja na simba upande wa pili, na mara moja moja hutapika chache kwa kishindo ili wote waliopo wasikie. La ajabu ni kwamba kumeza kwake hakuna kishindo.

Zaidi ya sanduku kuna simu. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008 ilikuwa neema kwa watu wa bondeni, kwani mtoto aliye Dar es Salaam aliweza kumpelekea mama yake fedha za dawa bila ya kumtafuta dereva mwaminifu. Njia iliyozileta fedha sasa huzichukua. Mtu aliyekaa juu ya dungu akilinda ndege aweza kutia dau juu ya mpira unaochezwa Uingereza kabla ya jua kuchwa, na jirani yake asijue, wala mkewe asijue, mpaka siku atakapoulizwa fedha ya ada ya shule.

Haya hayatendeki kwa siri wala kinyume cha sheria. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya kutoa leseni na kusimamia, na ilimkataza aliye chini ya umri wa miaka 18 kucheza. Kabla yake palikuwa na Bahati Nasibu ya Taifa, iliyowekewa sheria yake mwaka 1974. Mwaka huo yafaa ukumbukwe. Ilikuwa imepita miaka saba tu tangu Azimio la Arusha la 1967, lililowaonya watu wasiitegemee fedha kuwa msingi wa maendeleo yao, bali waitegemee ardhi na kazi ya mikono yao. Dola iliyofundisha jembe ilikubali pia kuuza tiketi. Hapana shaka wenye kuamua hivyo walikuwa na nia njema, maana tiketi ziliuzwa kwa jina la manufaa ya umma. Lakini nia njema haibadili hesabu, na hesabu ya tiketi ni ile ile, ikiuzwa na mwenye tamaa au ikiuzwa na mwenye huruma. Mwaka 2025 Bahati Nasibu ya Taifa ilirejeshwa, safari hii ikiendeshwa na kampuni.

Basi na ifanywe hesabu, kwa kuwa wachezaji wengi husema wanajua hesabu na wengi wao hawajapata kuifanya mpaka mwisho. Ichukuliwe kwamba dubwi ni karimu, na kwamba katika kila shilingi 100 linazomeza hurudisha 85. Asikiaye hivyo hudhani kwamba aliyeingia na shilingi 10,000 atatoka na 8,500, na kwamba 1,500 si bei kubwa kwa furaha ya saa moja. Ingekuwa hivyo kama angezitia sarafu zake hamsini mara moja tu, akaokota kilichorudi, akaenda zake nyumbani. Hakuna afanyaye hivyo. Kilichorudi hutiwa tena. Katika mzunguko wa pili 8,500 huwa 7,225. Baada ya mzunguko wa tano zimebaki 4,437. Baada ya mzunguko wa kumi zimebaki, kwa wastani, 1,969. Mashine haikuhitaji kumwibia mtu hata senti moja. Ilihitaji akae tu. Ndiyo sababu kiti huwekwa mbele yake, na ndiyo sababu mwenye duka haoni uchungu kumpa mchezaji maji ya kunywa.

Wachezaji wa mpira hujiona bora kuliko wachezaji wa dubwi. Wao, husema, hawabahatishi, wao wanajua. Wanajua nani ameumia goti, nani amefukuzwa kazi ya ukocha, na timu gani haijashinda ugenini tangu mwaka jana. Elimu hiyo si uwongo, na wengi wao wanaijua kwa bidii ambayo ingetosha kumpatia mtu shahada. Lakini kampuni nayo inaijua, tena imekwisha itia katika bei. Mathalani mtu aunganishe michezo kumi katika karatasi moja, ile iitwayo mkeka, na kila mchezo uwe na nafasi sawa ya kutokea alivyosema na kutotokea, kama sarafu irushwayo hewani. Malipo ya haki kwa kila mchezo yangekuwa mara mbili ya dau. Kampuni haitoi mara mbili. Na itoe, kwa mfano, mara 1.85. Kwa mchezo mmoja upungufu huo ni kama punje iliyodondoka. Lakini mkeka huzidisha. Nafasi ya kuipata michezo yote kumi ni moja katika 1,024. Kwa dau la shilingi 500 haki ya mshindi ni shilingi 512,000. Atakacholipwa ni karibu shilingi 234,800. Zaidi ya nusu ya haki yake imeliwa kabla mpira haujapigwa, wala hakuna mwamuzi aliyehongwa. Naye hushukuru, kwa kuwa aona 234,800 na kuzilinganisha na zile 500. Hana wa kumwonyesha zile 512,000.

Hapo ndipo jina la mshindi huletwa. Mwezi Mei 2017 Mkenya Samuel Abisai alibashiri sawasawa michezo 17 ya SportPesa akapata zaidi ya shilingi milioni 221 za Kenya, na picha yake ilienea Afrika Mashariki nzima. Habari hiyo ni ya kweli, na kwa sababu ni ya kweli ina nguvu kuliko uwongo wowote. Michezo 17, kila mmoja ukiwa na matokeo matatu, yaweza kujazwa kwa njia 129,140,163. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Kama kila Mkenya, tangu mtoto wa siku moja hadi kikongwe, angejaza karatasi moja isiyofanana na ya mwenziwe, hata nusu ya njia hizo isingefikiwa. Ni kweli kwamba matokeo hayana uzito sawa, na mjuzi aweza kuyaacha yale yasiyoelekea. Lakini akiyaacha yote yasiyoelekea, hubaki na njia nyingi mno bado. Aliyeshinda aliandikwa magazetini, na ni haki. Walioshindwa kwa michezo ile ile hawakuandikwa popote, kwa kuwa gazeti lisingetosha.

Adam Smith, katika kitabu chake juu ya utajiri wa mataifa kilichotoka mwaka 1776, alilieleza jambo hili kwa namna ambayo haijapata kujibiwa: anunuaye tiketi zote za bahati nasibu hupoteza kwa yakini, na kadiri mtu anunuavyo nyingi ndivyo aikaribiavyo yakini hiyo. Mchezaji wa Kilombero huamini kinyume chake. Huamini kwamba aliyepoteza mara tisa ameikaribia mara ya kumi.

Watetezi wa kamari wana hoja, na si vema kuzipita kwa dharau. Ya kwanza husikika zaidi bondeni kuliko mjini, nayo ni hii: kilimo nacho ni kamari. Mkulima hutia mbegu ardhini asijue kama mvua itanyesha au kama mto utapita kiasi; nguruwe waweza kula, kwelea waweza kula, bei yaweza kuanguka siku ya kuuza. Kuna tofauti gani, basi, kati yake na mtia sarafu? Tofauti iko katika chungu kizima. Ukizikusanya sarafu zote zilizotiwa na zote zilizotoka, zilizotoka ni pungufu siku zote, mwaka wa neema na mwaka wa dhiki. Ukiikusanya mbegu yote iliyopandwa Kilombero na mpunga wote uliovunwa, mpunga huzidi mbegu mara nyingi, hata katika mwaka ambao mkulima mmoja mmoja amelia. Tena mkulima hujifunza. Aliyepelekewa shamba na mafuriko mwaka huu hutafuta sehemu iliyoinuka mwakani, au hubadili mbegu, au huwahi kupanda. Mchezaji wa dubwi hana la kujifunza, maana mzunguko wa leo haukumbuki wa jana. Hata hivyo hoja hii ina ukweli wake mchungu: mtu aliyelelewa katika kungoja maji amefundishwa saburi na matumaini, na kamari hulishwa na matumaini hayo hayo. Haimkamati mvivu kwa wepesi kama imkamatavyo mwenye kungoja.

Hoja ya pili ni ya kodi na ya mpira. Kamari, husemwa, hulipa kodi, huajiri vijana, na hufadhili timu. Mwaka 2017 SportPesa ilifanya mikataba na Simba na Yanga, na Julai mwaka huo ikaileta Everton Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, ambapo Wayne Rooney alifunga bao lililoshangiliwa na watu wa pande zote mbili. Mwaka 2022 Simba ilivaa jina la kampuni nyingine ya ubashiri, M-Bet. Basi mashabiki wa Ifakara waliokuwa wakigombana juu ya rangi nyekundu na rangi ya kijani hawakugombana juu ya neno lililoandikwa kifuani. Ufadhili huo hutoka wapi? Hutoka katika mifuko yao. Ni mchango wa mashabiki uliopita katika mikono ya mtu wa tatu, naye akajikatia sehemu yake na kushukuriwa kwa ukarimu. Nao si mchango wa kutegemewa. Kenya ilipopandisha kodi ya michezo hiyo hadi asilimia 35 mwanzoni mwa mwaka 2018, SportPesa ilivunja ufadhili wake wa timu za nchini humo mwezi ule ule wa Januari. Ama kodi, serikali ipokeayo sehemu ya hasara ya raia wake haijapata mali mpya. Imepokea kipande cha kile kilichokuwa mbolea, daftari na bati, na wakati wa njaa itadaiwa kingine chake.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu: fedha ni yake, na mpumbavu ana haki ya upumbavu wake. Wasomi wengi huikubali hoja hii kwa sababu huwapumzisha. Mjinga akiwa mjinga, hakuna la kufanya. Lakini je, mchezaji wa kijijini ni mpumbavu? Sylvan Herskowitz aliwachunguza wacheza kamari ya mpira wa Kampala, na katika andiko lake la mwaka 2021 alionyesha kwamba wengi hawakuwa wakitafuta utajiri. Walikuwa wakitafuta kiasi kikubwa cha fedha kwa mara moja, cha kununulia kitu kisichonunulika kidogo kidogo. Mtu apataye shilingi elfu chache kila siku hawezi kununua robo ya pikipiki leo na robo nyingine mwezi ujao. Akiziweka nyumbani zitaombwa na ndugu, au zitaliwa na ugonjwa wa mtoto, au zitamponyoka tu. Hivyo huona afadhali azitie katika mkeka, ambao japo aghalabu huchanika, ukitimia humpa zote kwa pamoja. Herskowitz aliwapa baadhi ya watu hao sanduku la mbao la kuwekea akiba, yaani kibubu, na hamu yao ya kubashiri ikapungua.

Jambo hili linastahili kufikiriwa na kila msomaji aliyezoea kuwacheka wachezaji. Kama kibubu cha mbao chaweza kushindana na makampuni yenye matangazo katika kila redio, basi ugonjwa si upumbavu. Ugonjwa ni kukosa mahali pa kuweka. Lakini hapo ndipo upumbavu wa kamari yenyewe unapodhihirika zaidi, kwa maana inajifanya benki ya asiye na benki, na ni benki ambayo kwa kila shilingi iliyowekwa humrudishia mwenye kuweka senti chache kwa njia ya mkeka, tena humrudishia mtu mwingine.

Ichukuliwe nyumba moja ya Mofu, isiyo tajiri wala fukara, ambamo kijana hutia shilingi 1,000 kwa siku. Ni bei ya vikombe vichache vya chai. Kwa mwaka ni shilingi 365,000. Ruzuku ya mbolea iliporejeshwa mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 wa Urea uliuzwa kwa karibu shilingi 70,000. Kijana huyo, basi, ametia mifuko mitano ya mbolea katika sanduku na chenji ikabaki. Nyumba zilizo nyingi bondeni hulima pasipo hata mmoja. Lakini hasara haiishi hapo. Mwezi wa palizi ufikapo na mkono ukawa mtupu, nyumba hukopa kwa mfanyabiashara, na deni hilo hulipwa kwa gunia la mpunga wakati wa mavuno, pale bei ya gunia inapokuwa chini. Aliyepoteza fedha ya Agosti katika dubwi huilipa mara ya pili mwezi Juni kwa mpunga wake. Dubwi limekwisha sahaulika, na lawama hutupwa juu ya mfanyabiashara. Mwingine hula mbegu. Mwingine hukodisha ekari zake kwa mtu wa mjini, kisha huajiriwa kuzilima. Kijana aliyelala mmiliki huamka kibarua juu ya udongo wa babu yake, na kama angeulizwa ni lini alifanya biashara hiyo, asingeikumbuka siku.

Kamari hupenda kuazima maneno ya shamba. Mwaka 2009 serikali iliifunga DECI, ambayo haikuwa kamari ya mashine bali ilikuwa ndugu yake, iliyokusanya michango kwa ahadi ya faida kubwa, na kuita kutoa mchango huo kupanda mbegu. Walioitwa kupanda walikuja kwa wingi, kwa sababu neno hilo kwao halikuwa fumbo. Leo makampuni hupenda neno jingine, uwekezaji, na vijana hulirudia pasipo kutabasamu.

Amri kutoka juu zimejaribiwa. Januari 2019 serikali ya Uganda ilitangaza kwamba haitatoa leseni mpya kwa kampuni za ubashiri, na aliyelitangaza ni waziri David Bahati, ambaye jina lake lingefaa bango la tiketi. Julai mwaka huo huo Kenya ilizinyima leseni kampuni 27. Michezo haikukoma katika nchi yoyote kati ya hizo, kwa kuwa simu haina mpaka na tamaa haina leseni. Hata hivyo sanduku lina mpaka. Lina miguu ya chuma na lazima lisimame katika ardhi ya mtu. Simu ya mtu haiwezi kupekuliwa na mwenyekiti wa kijiji, lakini dubwi lililo barazani huonekana na kila apitaye, pamoja na watoto watokao shule, ambao sheria ya 2003 inawakataza na mwenye duka hawaulizi umri.

Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imeipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, nazo hupita mbele ya mkutano wa kijiji kabla ya kupelekwa wilayani. Kijiji kilichoweza kuamua ng'ombe wapite wapi na kilabu kifungwe saa ngapi chaweza kuamua kwamba sanduku hilo halitasimama karibu na shule, wala halitawashwa kabla ya jioni, wala halitakuwapo kabisa. Mwenye leseni atakwenda kulalamika mjini, na alalamike. Yeye ndiye atakayepaswa kueleza mbele ya watu anachokileta Mofu na anachokichukua. Pamoja na amri hiyo ni lazima pawe na sanduku jingine, lile la VICOBA lenye kufuli tatu na funguo zilizo kwa watu watatu, ambalo haliwezi kufunguliwa na ndugu mwenye shida wala na mwenyewe mwenye tamaa, na ambalo hugawa fedha zote kwa pamoja siku iliyopangwa. Siku hiyo ikiwekwa Novemba, fedha huwakuta watu wakitafuta trekta na mbegu. Katika vikundi vingi huwekwa Desemba kwa ajili ya sikukuu, na hilo nalo lingefaa kuzungumzwa katika mkutano. Mkutano wenyewe ni wa kila miezi mitatu. Unaofaa kwa shauri hili ni ule unaotangulia mavuno, maana unaofuata huwakuta wanunuzi wa mpunga wamekwisha kuja na kuondoka.